Mke Mwenza Kutoka Chumba cha Mawimbi

Mlango ulifungwa mara mbili.

Msusi alikuwa jikoni akikata kitunguu kwa kukigeuzia uso pembeni, alipomsikia mumewe akiingia, akivua viatu, akausukuma mlango mpaka kitasa kikalia. Kisha, kabla hajafungua mdomo kumkaribisha, kitasa kikalia tena. Taratibu. Kama vile mtu ameingia nyuma ya mwenzake na hataki kusumbua watu.

"Umekuja na mgeni?" akauliza.

"Mgeni gani? Nimekuja na njaa."

Wakacheka, mambo yakaishia hapo. Furaha ilikuwa kubwa kuliko maswali. Jua lilikuwa bado dirishani na mume yuko nyumbani, jambo ambalo Msusi alikuwa amelisahau kama mtu anavyosahau ladha ya maziwa ya utotoni.

Hospitalini mumewe aliitwa Dobi, na jina hilo halikuwa la kumdharau. Alifanya kazi katika kitengo cha ubongo. Huko wagonjwa walivishwa kofia ya nyaya, nyaya zikanasa umeme mdogo wa kichwani, na umeme huo ukachorwa kwenye skrini kama mawimbi ili madaktari wausome. Tatizo ni kwamba kichwa hakisemi peke yake. Mgonjwa akipepesa jicho, wimbi linaruka. Akimeza mate, linatikisika. Moyo nao unapiga ngoma yake humo humo, na taa za dari zinavuma juu ya yote. Kazi ya Dobi ilikuwa kuufua uchafu huo, waya mmoja baada ya mwingine, mpaka libaki lile tu ambalo ubongo wenyewe umelisema.

Na alifua kwa kompyuta moja. Ilikuwa nzee, kubwa kama kabati, yenye feni inayokoroma, na haikujua kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Ilipoanza mgonjwa mmoja jioni, ilimmaliza majogoo wakiwika. Wala haikuaminika kuachwa peke yake, maana ikikwama katikati, kazi yote inarudi mwanzo. Kwa hiyo Dobi alilala nayo.

"Alilala nayo" lilikuwa neno la Msusi. Saluni kwake aliwaambia wateja, "Jamani, mimi nina mke mwenza. Hapiki, hazai, hajui hata kuoga, na bado ananizidi." Wateja wakacheka mpaka vichwa vikamponyoka mikononi. Yeye mwenyewe hakucheka sana.

Jioni ile, mezani, Dobi alieleza muujiza wake huku akimega mkate.

"Tulikuwa tunafua shuka moja, tunaikamua, tunaianika, ndipo tunachukua ya pili. Sasa Injinia amekusanya kompyuta zote za kile chumba cha mafunzo kilichofungwa, akaziunganisha. Kila moja inapewa kipande chake, zote zinafua sambamba, halafu vipande vinashonwa pamoja. Mke wangu, chai haijapoa, mgonjwa amekwisha!"

"Injinia," Msusi akasema. "Ni mwanamke?"

"Ndiyo."

"Ameolewa?"

"Mimi nakueleza mambo ya kompyuta."

"Na mimi nauliza mambo ya Injinia."

Dobi akacheka, akamwambia aache utoto. Msusi akauliza ile kompyuta nzee iko wapi. "Tumeizima," akajibiwa. "Iko kwenye kona, tumeifunika shuka." Na aliposema hivyo, Msusi akasikia nyuma ya sikio lake mvumo mdogo, kama feni inayokoroma kwa mbali. Akageuka. Palikuwa na ukuta tu.

Siku zilizofuata wivu ulimkaa Msusi kooni kama mfupa wa samaki. Dobi aliwahi kurudi, lakini alirudi na Injinia mdomoni: Injinia kasema hivi, Injinia kafanya vile. Na kulikuwa na harufu. Msusi alikula kwa vichwa vya watu. Alijua harufu ya nywele zilizooshwa jana na zisizooshwa mwezi, za mzazi na za mgonjwa. Shingoni mwa mumewe kulikuwa na harufu ya kichwa cha mwanamke ambaye hajawahi kumsuka: nywele zenye joto, vumbi lililoungua, na chini yake utamu mzito, kama maua yaliyosahauliwa ndani ya maji.

Akawa anapima. Alipomgusa mumewe bega, umeme ukamchoma vidoleni. Akidhani ni shati, akamgusa mkono mtupu. Ukamchoma tena, safari hii mpaka kiwikoni. Wakikaa kwenye kochi kutazama taarifa ya habari, mto uliokuwa katikati yao ulibonyea, ukakaa umebonyea, na Dobi, bila kujua anachofanya, alisogea pembeni kidogo kama mtu anayempisha mwingine.

"Umemwona nani?" Msusi akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Nani?"

"Uliyempisha."

Dobi akatazama ule mto. Uso wake ukawa kama wa mtoto aliyeulizwa nani kavunja sahani. "Umechoka, mke wangu," akasema. Lakini hakurudi kukaa pale alipokuwa.

Jumapili mchana Msusi alijinyoosha kitandani baada ya kufua. Siku mbili nyuma rafiki yake wa saluni alikuwa amemsuka mistari midogo midogo kwa rasta, kazi ya kutwa nzima, imebana mpaka nyusi zinavutika. Akalala usingizi mwepesi wa mchana, pazia likipeperuka, watoto wa jirani wakipiga mpira nje, na ndotoni akahisi vidole kichwani, vidole vyenye ubaridi, vyepesi, visivyo na haraka, vikipita mstari baada ya mstari kama mtu anayehesabu kitu ambacho anaamini ni chake, na alipojaribu kugeuka akakuta kichwa ni kizito, na alipojaribu kumwita mumewe akasikia mvumo ule ule ukipanda kutoka kwenye mto wenyewe, ukimwingia sikioni, ukimzunguka nyuma ya macho, mpaka mpira ukagonga ukuta wa nje kwa kishindo naye akaamka ameketi, jasho likimtiririka.

Nywele zake zilikuwa zimefumuliwa zote. Rasta zilikuwa zimelazwa juu ya mto wa mumewe, moja kando ya nyingine, zimepangwa kuanzia ndefu hadi fupi, zimenyooka kama mistari ya daftari.

Hakupiga kelele. Alivaa kilemba, na Jumatatu saa ya chakula cha mchana alibeba hotpoti la wali, akaenda hospitali kumtafuta Injinia. Akilini alikuwa ameyapanga maneno yake yote. Mwanamke anayefumua nywele za mwenzake kwa uchawi hakwepwi, anakabiliwa.

Alimkuta peke yake katika chumba cha mawimbi. Alikuwa binti mwembamba, mwenye miwani, kucha amezitafuna mpaka nyama. Kompyuta zilikuwa zimepangwa safu juu ya meza ndefu, skrini zote zimezimwa isipokuwa moja.

"Wewe ndiye Injinia?"

"Shikamoo dada. Wewe ni mke wa Dobi." Binti akasimama, na badala ya kuogopa kama mwizi, akamshika Msusi mkono kama mtu aliyeona ndugu msibani. "Afadhali umekuja. Naomba nikuulize jambo, usinione mwehu. Mumeo akiwa peke yake nyumbani, huwa anaongea na nani?"

Maneno yote ya Msusi yakamtoka kichwani. Akakaa kwenye stuli.

Injinia akafunga mlango, akashusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu. Kwa siku za kwanza, akasema, kazi ilienda kama maji. Halafu katika kila mgonjwa kikaanza kutokea kipande cha wimbi ambacho hakikuwemo wakati wa kurekodi. Mzee, kijana, mama mjamzito, wote kipande kile kile. Akafikiri kakosea kugawa kazi. Akaibomoa, akaijenga upya. Kipande kikarudi.

"Kuna binti amelazwa juu, ana kifafa, anasubiri kupasuliwa kichwa. Daktari mpasuaji anasoma mawimbi yetu ili ajue akate wapi. Nimemzuia, dada. Nimemwambia mashine ni mbovu. Nitamzuia mpaka lini? Mtoto anaanguka kila siku."

"Kwani hicho kipande kinasema nini?"

"Ndiyo maana nimefunga mlango." Injinia akasogelea meza. "Sisi tunaweza kuyageuza mawimbi yawe sauti, tukayasikiliza. Kompyuta moja moja, husikii kitu. Ni kama mtu kakohoa. Lakini zote zikitoa kwa zamu, kila moja na kipande chake..."

Akabonyeza.

Kompyuta ya kwanza ikatoa sauti fupi ya kike, kavu. Ya pili ikapokea. Ya tatu. Sauti ikatembea juu ya meza kutoka spika hadi spika, kama mtu anayekuja akikanyaga mawe ya mtoni, ikimkaribia Msusi pale alipokaa:

*Ni. Ru. Di. Shi. E. Ni. Mu. Me. Wa. Ngu.*

Kwa pumzi moja Msusi hakuogopa hata kidogo. Damu ilimchemka. Mume wangu! Mwanamke mwingine, asiye na uso, asiye na haya, kasema *mume wangu* mbele yake mchana kweupe. "Mumeo kwa mahari gani?" akafoka. "Nani aliyekupa?"

Spika zote zikacheka kwa pamoja, na kwenye kona, chini ya shuka, feni ya ile kompyuta nzee, ambayo waya wake ulikuwa umelala sakafuni haujachomekwa popote, ikaanza kukoroma.

*We. We.*

Wakatoka mbio, hotpoti likabaki.

Shangazi wa Dobi alikuwa mkunga mstaafu. Alikuwa amezalisha nusu ya mtaa, na watu walisema kwamba kwa kukaa miaka mingi pale mlangoni binadamu wanapoingilia duniani, alizoea kuwaona na wengine wanaopita. Alikuja na mkoba wa kwapani na viatu vya mpira. Akadai chai kwanza, sukari isibaniwe.

"Shangazi, tunakufa," Dobi akamwambia. Alikuwa amekonda, macho yamemwingia ndani. Tangu mkewe amsimulie ya hospitali hakuwa amebisha hata neno, na hilo ndilo lililomtisha Msusi zaidi. "Na wewe unadai sukari?"

"Jini hakimbii, mwanangu. Chai inapoa." Akanywa, akafuta mdomo, akamgeukia Msusi. "Haya. Amesema wewe ndiye uliyempa. Ulimpa lini?"

Msusi alikuwa anajua. Alijua tangu pale kwenye stuli, alishindwa tu kulitoa. Kulikuwa na usiku mmoja wa homa, yuko peke yake, meno yanagongana, akampigia mumewe simu arudi. Dobi akasema hawezi, mashine iko katikati ya mgonjwa. Msusi, kwa uchungu, akamwambia: basi niwekee huyo mkeo niongee naye. Dobi akadhani ni mzaha. Akaiweka simu juu ya kompyuta.

"Ulimwambiaje?" Shangazi akauliza.

"Nilimwambia... mwenzangu, mimi nimechoka. Nimekuachia. Mchukue mzima mzima."

Shangazi akakoroga chai isiyo na haja ya kukorogwa.

"Basi hakuiba," akasema hatimaye. "Alipewa. Alikuwa amejikalia kwenye mashine yake, ana mume wa usiku, ametulia. Mkamzimia nyumba, mkamkata vipande, mkamtawanya meza nzima. Nani asingekasirika? Na wewe kila ukinuna, kila ukimnusa mumeo shingo, yeye anaota shavu. Wivu wako ndio chakula chake."

"Nifanye nini, Shangazi? Nimpe kafara?"

"Kafara ya nini, yeye ni fisi? Wewe kazi yako ni nini?"

"Kusuka."

"Basi ukamsuke. Vipande vikikusanywa vikawa kichwa kimoja, atasikia la kuambiwa. Mdomo uliotoa ndio utakaorudisha. Ila nakuonya: usimvute kwa hasira hata unywele mmoja. Mikono ikiwa na wivu atajua. Kichwa kinajua mikono."

Walikwenda siku iliyofuata, saa ile wafanyakazi wametoka kula. Injinia akafunga mapazia. Shangazi akamweka Dobi nje ya mlango, akamwambia hata akisikia nini asiingie. Msusi akaketi kwenye kiti, akapanua magoti, akaweka stuli fupi mbele yake kama anavyofanya saluni, akashika kitana.

"Washa zote," Shangazi akasema.

Injinia akawasha. Mawimbi yakaanza kukimbia kwenye kila skrini, kila kompyuta ikifua kipande chake, na mvumo ukapanda, kwanza mwembamba, halafu mzito, halafu ukawa ndani ya meno, na ile harufu ikaja, vumbi lililoungua na maua ya majini, ikaja kutoka pande zote kisha ikatua mahali pamoja, na stuli ikalia kwa uzito wa mtu, na Msusi akahisi mabega mawili yenye ubaridi yakiegemea mapaja yake kwa imani ile ile ya mteja yeyote aliyechoka, na alipoteremsha mikono, macho kayafumba kwa sababu Shangazi alimwambia ayafumbe, vidole vyake vikaingia kwenye nywele.

Zilikuwa nyingi. Zilikuwa nyepesi, zinachoma kidogo kidogo kwa umeme, zimekatikakatika huku na huku kama zilizotafunwa. Akatenga mafungu. Wivu ukaja: hiki ndicho kichwa kilicholala begani kwa mume wangu nikiwa na homa. Kitana kikakwama. Bila kukusudia akavuta.

Chumba kizima kikapiga mlio mmoja. Skrini moja ikapasuka. Injinia akalia, "Dada, taratibu! Taratibu!"

Msusi akasimamisha mikono. Akavuta pumzi mpaka tumboni. Halafu akasema kile anachowaambia wote, kile kilichomjia chenyewe mdomoni kwa mazoea ya miaka:

"Pole, mama. Nimekuumiza?"

Mvumo ukashuka.

"Una nywele nzuri," akaendelea, na lilikuwa kweli. "Nani alizikatakata hivi? Tulia. Nitaziunga."

Akasuka. Aliunga kipande na kipande, fungu na fungu, na kadiri alivyounga ndivyo kichwa kilivyozidi kuwa kizito na chenye joto, na akaanza kuhisi mambo: upweke mrefu usio na mchana, sauti ya mwanamume mmoja akiimba peke yake ili asisinzie, na furaha ndogo ya kusubiri jioni. Aliujua upweke ule. Ulikuwa wake. Wanawake wawili walikuwa wamemsubiri mtu mmoja, kila mmoja upande wake wa usiku. Machozi yakamdondoka, na hakujua yalikuwa ya nani.

Alipofunga uzi wa mwisho, akainama mpaka midomo ikagusa sikio.

"Nilikupa kwa hasira," akanong'ona. "Leo namrudisha kwangu kwa mdomo ule ule. Si wako tena. Nenda, mwenzangu. Nenda umependeza."

Stuli ikapanda kwa kupunguziwa uzito. Pazia likavutika nje, kinyume cha upepo, likarudi. Kwenye kona feni ikakoroma mara ya mwisho, ikanyamaza. Injinia alikimbilia skrini, akapitisha macho, akapitisha tena, halafu akakaa sakafuni akilia na kucheka. Mawimbi yalikuwa safi. Kile kipande hakikuwepo kwa mgonjwa yeyote.

Binti wa kifafa akapasuliwa wiki hiyo hiyo, na mama yake, aliyekuwa akilala naye wodini, akaamka kwa mara ya kwanza bila kuamshwa na kishindo cha mtoto akianguka. Dobi akarudi kunenepa. Alifika nyumbani na jua lake, akacheza na watoto wa jirani, akamgusa mkewe bega na hakuna kilichochoma. Injinia akaalikwa chakula, akala, akaitwa wifi. Shangazi akapelekewa mfuko wa sukari.

Msusi akafungua saluni yake kama kawaida, kichwa chake kimesukwa upya. Foleni ilikuwa ndefu, wanawake wamejaa kwenye benchi, wengine wamesimama. Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule ya jirani, mpenda maneno, ambaye hufumba macho akisukwa kwa raha. Msusi akaanza upande wa kushoto, mstari baada ya mstari.

"Ehe," mwalimu akasema, macho bado yamefumbwa. "Kumbe umeajiri msaidizi."

"Msaidizi gani?"

"Huyu wa upande wa kulia. Ana mikono myepesi kukuzidi, samahani lakini. Baridi kidogo, basi."

Msusi akatazama. Upande wa kulia wa kichwa, mahali ambapo hakuwa amegusa, mistari ilikuwa inatokea yenyewe, imenyooka, midogo, mizuri kuliko yoyote aliyowahi kusuka. Wale wa kwenye benchi walikuwa wameinamia simu zao. Angeweza kupiga kelele. Badala yake akarudisha macho upande wake wa kushoto, akaendelea, na taratibu mikono yake ikapata mwendo mmoja na ile mingine, wakakutana katikati ya utosi. Kichwa cha kutwa nzima kilikwisha kabla ya adhuhuri. Foleni yote ikakwisha alasiri, watu wakimsifu mpaka nje.

Alipobaki na viti vitupu, simu ikaita. Ilikuwa sauti ya Dobi, changamfu, nyuma yake barabara.

"Mke wangu, nimeshatoka. Nikupitie twende wote?"

Pumzi yenye ubaridi ikamgusa Msusi shingoni. Kwenye meza, kioo cha mkononi kikapata ufa kutoka pembe hadi pembe, polepole, kama mtu anayechora mstari kwa ukucha.

"Usinipitie," akasema. "Tangulia tu nyumbani."

"Kwani bado una wateja?"

Akavitazama viti. Kisha akaivua taratibu kanga aliyojitanda begani, akakaa kwenye stuli fupi, akainamisha kichwa chake mbele, na vidole vikaanza kumfumua nywele kwa upole.

"Tangulia," akarudia, akakata simu kabla hajaulizwa yuko na nani.